Chekeche la Katikati

Fundi mchomelea vyuma alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe alipoondoka kwenda kumuuguza mama yake, alimsindikiza hadi kituoni, akampakilia mzigo, akasema, "Haya, msalimie mama mkwe." Basi. Akarudi nyumbani kwa miguu, na nyumba ikampwaya kama shati la kuazima.

Bandani, nyuma ya karakana yake, alikuwepo nguruwe jike aliyekaribia kuzaa. Huyo alikuwa kipenzi cha mkewe. Mke ndiye aliyemsagia mahindi, akamchanganyia pumba na mashudu, na kumpasha habari za mtaa kana kwamba ni wifi yake. Kazi ya Fundi ilikuwa kuitengeneza mashine ya kusaga ikikorofisha, halafu aondoke zake.

Nguruwe akazaa salama. Fundi, ambaye mageti ya watu yalikuwa yakimsubiri, akafunga mashineni chekeche lenye matundu makubwa ili mahindi yapite upesi. Haukupita muda, mbavu za nguruwe zikaanza kuhesabika. Watoto hawakutulia, walinyonya, wakaachia, wakapigana vikumbo na kulia. Kuku nao wakahamia bandani, wakawa wanachakura kinyesi kwa furaha iliyomtia Fundi shaka. Alipoinama kutazama, aliona chembe za mahindi zimetoka vilevile zilivyoingia.

Akampigia mkewe.

"Unasagia chekeche gani?" mke akauliza.

"Lile kubwa."

"Ndiyo maana. Chakula kinampita tu. Wanawe wote wale wanamnyonya, maziwa atayatoa wapi? Anajimaliza mwenyewe."

Nyuma ya sauti ya mkewe Fundi alisikia mtu akikohoa, na kijiko kikigonga kikombe.

"Mama anaendeleaje?"

"Leo kakaa kitako. Kesho sijui."

Basi Fundi akalitafuta chekeche dogo kuliko yote. Ndivyo alivyokuwa: ukimwambia kaza, anakaza mpaka skrubu ikatike. Akasaga unga laini kama vumbi. Nguruwe akapiga chafya, unga ukamganda puani, akala kidogo na kukipa kihori mgongo. Fundi alisikitika, lakini chini ya sikitiko lile palikuwa na kitu kingine: amepata sababu ya kupiga simu tena.

"Umemsagia uji wa mtoto mchanga," mkewe akasema, akacheka. Kicheko kile kilimkalisha Fundi juu ya gunia. "Laini hivyo unaweza kumletea vidonda vya tumbo. Lipo chekeche la katikati, liko nyuma ya mlango wa stoo. Ukiusugua unga vidoleni, uusikie kama mchanga, usiwe kama poda. Na umnyunyizie maji kidogo."

Nyuma ya mlango kilikuwepo pia kitambaa cha kichwa cha mkewe, kimejaa unga. Fundi alikishika, akakinusa, akakirudisha kwenye msumari taratibu.

Chakula cha safari hii kilimkubali nguruwe. Akawa anaramba mpaka sakafu. Kiwele kikajaa, na watoto wakashiba na kulala wamebanana ubavuni mwake, midomo bado inanyonya hewa. Fundi aliegemea ukuta wa banda akawatazama mpaka mteja akamwita mara ya pili.

Lakini simu hazikukoma. Leo masikio ya nguruwe yana joto. Kesho mashudu yamezidi. Siku nyingine anaonekana ana mawazo.

"Mume wangu," mkewe akamkatiza jioni moja, "nguruwe hajambo. Jirani kaniambia ananawiri. Wewe je?"

Fundi akakuna kidevu. "Mimi nipo. Nyumba tu ni kubwa."

"Ina vyumba viwili."

"Imekuwa kubwa."

Mkewe akashusha sauti. "Na mimi huku nikigeuka kitandani nagusa ukuta. Lakini siwezi kumwacha mama."

"Najua. Sikuombi urudi."

Watoto wa nguruwe walipoachishwa kunyonya, Fundi akamwachia jirani banda, akamwonyesha chekeche la kutumia, akafunga safari. Mama mkwe alikuwa ameegemezwa mito, mwembamba, macho makali.

"Ndiye huyu wa simu za nguruwe?" akamuuliza bintiye.

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mpe kiti, katoka mbali."

Fundi alikaa ukweni mpaka wateja wakaanza kulalamika. Mama mkwe alikuwa bado hawezi kusimama peke yake, kwa hiyo Fundi aliondoka kama alivyokuja, mwenyewe. Mkewe alimsindikiza hadi pembe ya mtaa. Walitembea polepole mno kwa watu wenye miguu mizima, mabega yakigusana, na hakuna aliyetaja nguruwe.