Mwanamke wa Komanda Syauswa

Komanda Syauswa alipouawa karibu na Mavivi, mwaka 2000, sikumwona mtu akilia. Alikuwa amechoma masoko mawili. Wapiganaji wake walijimwagia maji ya dawa ili risasi zisiwaingie, na maji hayo yana sharti gumu: mpiganaji hamgusi mwanamke, hata kumpa mkono. Basi, wakasema, kama risasi imemwingia mkubwa wetu, kuna mwanamke aliyemgusa. Wakamkamata mdogo wangu Hulda, muuza bia wa Butembo, eti alikuwa akimchekea. Walimwelekezea bunduki mpaka akaingia mwenyewe katika ghala la kahawa, na Jumapili wangemuua.

Hulda ana mdomo, sikatai, lakini huyo komanda alimwogopa kama sisi sote. Mimi ni mwalimu, na sijawahi kuamini hayo maji. Nilijua tu kwamba nisipompata mwanamke aliyemgusa kweli, nitamzika mdogo wangu. Nikaanzia kwa Michée, aliyekuwa mpishi wa Syauswa.

"Siku ingine alikuwa anakatala chakula yangu, Madame," alisema. "Anaenda ku Kyavinyonge, anarudia na harufu ya samaki."

Nikashuka Kyavinyonge, ziwani. Nikawauliza wauza samaki, na macho yao yote yakamgeukia mmoja wao, Adèle, mjane wa makamo mwenye miguu iliyovimba. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mrembo wa kupoteza akili za watu. Nikakasirika, kana kwamba nimedanganywa.

Adèle hakukana. Alinionyesha viti viwili, na katikati chanja ya kukaushia samaki. Kwa miaka miwili yule mtu wa kutisha alikaa upande ule, yeye upande huu, wakaongea. Adèle aliweka sahani juu ya chanja, akarudi nyuma, ndipo Syauswa akaichukua. Hawakugusana hata kidole.

"Na siku ya mwisho?" nikauliza.

"Alizunguka chanja, muchana, batu banaona. Akanishika mukono. Akasema: 'Adèle, nachoka kuwa mutu mwenye hakuna kitu inamugusa.' Kisha akaenda ku vita. Na alijua, Madame. Alijua."

Nilishindwa kumtazama. Kumwambia habari za Hulda ilikuwa kumpeleka akafe, na bado nikamwambia. Akapangusa magamba ya samaki mikononi, akauliza ghala liko wapi.

Lusenge, aliyekuwa amechukua uongozi, alitukuta mlangoni na watu wake.

"Miye njo ule munatafuta," Adèle akamwambia. "Mutoto ule hakukosa kitu."

Bunduki zikainuka. Adèle akanyoosha mkono, akaanza kumwendea. Lusenge akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Piga, ao nikuguse," Adèle akasema.

Wangeweza kupiga. Mpaka leo sijui kwa nini hawakupiga. Lusenge alikuwa akitokwa jasho, macho yake yakiwa kwenye kile kiganja, na hatimaye akawaambia wafungue.

Hulda akatoka akilia. Adèle akamshika mkono, wakapita katikati ya wanaume wale, nao wakajibana ukutani wasiguswe hata na kitenge chake. Nilifuata nyuma, nikitamani anishike na mimi.