Chipu Moja Yenye Nyaya Zake

Kila siku saa nne asubuhi, wakati wa kahawa, Wiebe aliniita Mama Kufuli mbele ya watu, nami nikamwita Bwana Milango Wazi. Hiyo ilikuwa mjini Nijmegen, miaka tulipotengeneza chipu za kadi za benki. Yeye alizipima, mimi nilizilinda na wezi.

Ili apime, Wiebe alihitaji nyaya za kufika ndani kabisa, kwenye namba za siri. Nyaya hizo hizo mwizi angezifurahia. Chipu hutengenezwa nyingi pamoja kwenye kisahani kimoja, kisha hukatwa moja moja. Basi nyaya tulizipitisha kwenye nafasi kati ya chipu na chipu, na msumeno ulipozitenganisha chipu, ukazikata nyaya. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuchungulia, hata sisi.

"Niachie hata moja," alinibembeleza. "Zikiugua huko nje nitazitibuje, kwa maombi?"

"Hata nusu, Wiebe. Moja ikiibwa tumekwisha."

Nikatia sahihi kwamba hakuna iliyobaki na nyaya.

Majira ya baridi yalipofika, kadi zikaanza kufa mifukoni mwa watu. Wakubwa wakanipa wiki moja: chanzo kipatikane, ama niondoke. Chipu zilizorudi zilikuwa bubu, kama nilivyotaka mwenyewe. Siku ya tatu Wiebe akaja na keki. Kwetu keki huletwa na mwenye siku ya kuzaliwa, na yake ilikuwa bado.

"Chipu ikipigwa na baridi inasahau," akasema. "Rekebisha kumbukumbu yake."

"Umejuaje?"

"Nimebahatisha tu, Mama Kufuli. Kula keki."

Nikala. Jamani, tulivyocheka siku ile! Nazikumbuka siku zile mpaka leo.

Wiki iliyopita tulimzika. Mkewe, Tjitske, akaniwekea mezani kikopo cha peremende. Ndani, juu ya pamba, chipu moja, na nyaya zake zote pembeni.

Nilimkasirikia marehemu papo hapo. Miaka ishirini na sita ameificha! Kitu kile kingeniponza. Kisha nikaikumbuka ile siku ya tatu, nikaelewa kwamba chipu hii ndiyo aliyoitia kwenye friji na kuichungulia kwa nyaya zake, na machozi yakanitoka bila aibu.

"Aliacha maagizo," Tjitske akasema. "'Akikasirika, mpe nyundo. Akilia, mpe kahawa.' Sasa wewe umefanya yote mawili."

Nyundo ilikuwa tayari mezani. Sahihi ilikuwa yangu, na chipu ile ilipaswa kuvunjwa.

"Nipe kahawa kwanza," nikasema.