Mate ya Mama

Mama alikuja kupimwa akiwa amejikwatua kama mtu anayekwenda kutambulishwa kwa wakwe. Gauni limenyooka kwa pasi, na kinywa kinanukia dawa ya meno hata kabla hajajibu shikamoo ya mpokezi. Bintiye, ambaye ndiye aliyepima mate ya wagonjwa katika kliniki ile ya meno, aliisikia harufu ile akaona fahari tu.

Kila mgonjwa alimwuliza kwanza kama ametoka kula au kupiga mswaki. Aliyekubali alirudishwa kwenye benchi angoje, maana kipimo kilitafuta dalili za ugonjwa wa fizi zinazojificha kwenye mate mapema, kabla fizi hazijavimba. Kinywa kilichotoka kusuguliwa hakisemi kweli. Lakini huyu alikuwa mama yake. Amhoji habari za mswaki mbele za watu, kama mtoto wa chekechea? Alimpa kikombe.

"Tema humu, mama. Taratibu."

"Makubwa haya. Nimekulea nikikukataza kutema ovyo, leo unanitemesha kazini kwako."

Mpokezi alicheka hadi akashika meza. "Mama, ukitema vizuri tutakupa cheti."

"Kiwe cha kunipumzisha kufua, mwanangu. Vingine ninavyo."

Majibu yakatoka safi. Mama aliyatangaza mtaa mzima. Hata fizi zilipoanza kumtoka damu, alisema ni mswaki mpya, mgumu kama fagio la uani. Bintiye naye aliamini. Si alipima mwenyewe?

Mvua zilikuja zikapita. Asubuhi moja mama aling'ata kipande cha mkate, akalishika jino la mbele kwa vidole viwili. Lilicheza.

Daktari alitazama picha ya taya muda mrefu. Mfupa ulikuwa umeliwa. Meno manne ya mbele hayakuwa na pa kushikilia.

"Tungejua mapema, tungesafisha tu yakapona," alisema.

"Lakini nilipimwa, daktari," mama alisema. "Huyu huyu binti yangu alinipima."

Daktari akamtazama binti. Binti akatazama sakafu. Walipobaki wawili, ndipo binti alipouliza.

"Mama, siku ile ulipiga mswaki kabla ya kuja?"

"Mara mbili. Nikasukutua na maji ya chumvi mpaka machozi yakanitoka. Ningekuletea kinywa kichafu, wenzako wakuseme?" Alisubiri kusifiwa. Kisha akauona uso wa mwanawe. "Ndiko kulikoharibu kipimo?"

"Ni mimi, mama. Kila mtu namwuliza. Wewe nilikuonea haya."

Mama alifungua mkoba, akaufunga. "Basi sote wawili tulikuwa na adabu," alisema, akajaribu kucheka, lakini mkono ulishauwahi mdomo.

Meno yaling'olewa. Nyumbani mama alianza kula peke yake jikoni, ameupa mlango mgongo. Jirani akibisha hodi, bintiye ndiye aliyetumwa kusema kwamba mama amelala.

Fizi zilipopona, daktari alitaka mate mengine, ajue kama ugonjwa umeyafikia meno yaliyobaki. Safari hii mama aliambiwa kila kitu: asile, asipige mswaki, asisukutue. Alitii.

Alifika amejifunika mtandio hadi puani. Mpokezi alimwamkia kwa furaha, akimtafutia neno la utani. Mama alitikisa kichwa tu, akaenda kuketi mwisho kabisa wa benchi, mbali na pumzi za watu. Bintiye alimfuata na kikombe, akasimama mbele yake kumkinga na macho ya wengine.

Mama aliinama, akatema. Mate yalishuka na uzi mwembamba wa damu. Binti alinyoosha mkono akipokee, lakini mama hakukiachia. Alikifunika kikombe kwa kiganja.

"Usikiangalie hapa, mwanangu," alinong'ona ndani ya mtandio. "Nenda nacho ndani."