Difu ya Ngwali

"Difu imekufa, Ngwali," Silima fundi akasema, "meno yame—"

"Haijafa! Umeiua wewe kwa kijicho cha—"

"Nimeiua saa ngapi? Sijaigusa hata, ndo kwanza umefika hapa—"

"—kijicho cha Mwatum! Sema! Unataka tulale Mtambile!"

Mwatum mwenyewe alikuwa ndani ya Landrova, kwa nyuma, kajitanda kanga, kakalia sanduku lake la nguo, haangalii mtu. Huyu Silima fundi alikuwa mumewe. Mwaka ule wa sitini na moja watu walisusiana hata maziko kwa sababu ya vyama, basi siku ya uchaguzi Silima na shemeji yake Ngwali wakatukanana, Ngwali akaja kumtoa dada yake, na Silima kwa hamaki akatamka talaka moja. Edda ikaisha, hakuna aliyemtafuta mwenziwe. Leo Ngwali anampeleka Wambaa, laasiri amwozeshe kwa mtu wa chama chake.

Gari ikaja kufia mbele ya banda la Silima. Zilizobaki pale Mtambile zilikuwa mbili, zote za watu wa chama cha Silima, hawampakii Ngwali hata akiwa ndani ya jeneza.

Silima akatia jeki nyuma, akapanga magogo. Mwatum alikataa kushuka.

"Inama utazame mwenyewe, usiniamini mimi. Mwalim, tia gia."

Mwalim ndiye mimi. Nilirudi kutoka Makerere bila ya digirii, kazi yangu kukaa bandani pale na kuwatania watu. Nikatia gia, nikakanyaga mafuta.

"Shafti inazunguka?" Silima akauliza.

"Inazunguka."

"Na magurudumu?"

Ngwali akajipangusa vumbi magotini.

"Nnakuuliza, magurudumu?"

"Yamesimama. Basi nini?"

"Basi nguvu inafika kwenye difu, kwenye gia za kuzungushia magurudumu ya nyuma, inafia hapo hapo. Na hicho nacho kijicho changu?"

Akafungua parafujo ya chini ya difu. Badala ya oili ikashuka rojo nyeusi, ina vipande vya chuma na nyuzinyuzi. Silima akainusa kidoleni. Akainusa tena.

"Ngwali. Hii ndizi."

"Ilikuwa inalia njia nzima," Ngwali akasema, sauti imeshuka. "Nilishaambiwa ndizi mbivu zinainyamazisha. Nikaponda chane nzima."

"Ikanyamaza?"

"Ikanyamaza."

"Hata maiti hunyamaza. Mpumbavu gani kakwambia?"

Nilikuwa nishaanza kushuka upande wa pili.

"Huyo hapo! Kanambia ndivyo wanavyosomeshwa Makerere!"

Ngwali akarusha spana, ikanipita sikioni. Wallahi nilikuwa namtania tu, Ramadhani iliyopita. Sikujua kama mtu mzima ataifuturisha gari.

Silima hakucheka. Alitazama jua, kisha akamtazama Mwatum, mara moja tu. Hapo angesema haitengenezeki, laasiri ikawapita, na Ngwali mwenyewe kesha kuviona vipande vya meno yaliyokatika. Lakini Ngwali hajui kunyamaza.

"Sema huwezi, yakhe! Mke alikushinda, gari utaiweza?"

"Gari inatoka hapa," Silima akasema. "Mtu asije akasema Silima kamzuia mtu."

Akafungua bolti za magurudumu ya nyuma, akavuta eksele zote mbili. Akaiteremsha na shafti ya nyuma, akamtupia Ngwali miguuni. Kisha akaingia ndani, akakibonyeza kile kirungu cha manjano kinachoyatia nguvu magurudumu ya mbele.

"Nyuma hakuna kitu sasa. Ya mbele ndiyo yanavuta. Mlima ukikushinda, panda kinyumenyume, uzito uyaelemee hayo ya mbele."

"Nimpeleke bi harusi kinyumenyume?"

"Kwani ulipomchukua kwangu ulikwenda vipi?"

Ngwali akatema mate, akatia gia. Gari ikatetemeka, ikasogea. Haikulia hata kidogo. Silima akatupa mgongo, akachukua kitambaa, akawa anafuta grisi mikononi, anafuta, hata vidole vilivyokuwa safi.

Gari haijafika njia kuu, Mwatum akapiga bodi kwa kiganja. Ngwali hakusikia, au alijitia hakusikia. Akapiga tena, kwa ngumi. Gari ikasimama.

"Nini tena?" Ngwali akapiga kelele.

Mwatum akaifunua kanga usoni, akageuka kutazama bandani.

"Silima," akasema, "gari ife tena. Zirejeshe hizo ndizi."