Tumbo au Mgongo

Asubuhi ile ya Septemba joto lilianza mapema, na Orrin Tesch alikuwa na dubu nyuma ya pikapu. Dubu mweusi, dume, wa kwanza maishani mwake, amezungushiwa mifuko tisa ya barafu na kufunikwa turubai la buluu. Orrin alikuwa na miaka sitini na minane. Alikuwa amesubiri kibali cha kumwinda kwa miaka kumi na mmoja, maana kaskazini mwa Wisconsin dubu hugawiwa kwa foleni, na foleni haijali umri wa mtu wala afya yake. Wahenga walisema subira yavuta heri. Hawakusema heri hiyo ikifika itamkuta mtu na nani nyumbani.

Ilimkuta mgane. Mkewe, Marlys, alifariki mwaka jana mwezi wa pili. Ndiye aliyekuwa akijaza fomu ya kibali kila Desemba, kwa sababu Orrin na makaratasi ni paka na panya. Jana jioni, dubu alipotoka vichakani na kuinamia ndoo ya chambo, donati zilizochacha, Orrin alimpiga risasi moja tu. Kisha akageuka kando kutafuta mtu wa kumwambia, akaona shina la mti.

Sasa pembeni yake kwenye pikapu alikaa Duane Lindqvist, jirani aliyemsaidia kumburuta dubu hadi barabarani. Duane hakuwa amenyamaza tangu watoke nyumbani kwenda kwa fundi anayejaza ngozi za wanyama zionekane kama hai.

"Mweke amesimama, bwana. Miguu miwili, kucha juu, meno nje. Mgeni akifungua mlango tu, akojoe palepale."

"Na wewe ndiye utakayepiga deki?"

"Mimi nitakuwa nimeshakimbia."

Orrin alicheka. Alishaamua kwamba dubu atakuwa mzima, wa kusimama, na atawekwa pembeni sebuleni. Watu aliwaambia ni kwa sababu dubu wa kwanza ni mmoja tu, na mtu hamlazi chini kama mkeka. Hiyo ilikuwa sababu ya kuwaambia watu. Yenyewe hasa ilikuwa Arizona.

Binti yake wa pekee, Renae, aliishi Arizona, na kwake kulikuwa na chumba kilichotandikwa kitanda tangu msiba. Kwa mwaka mmoja na nusu alimwomba baba yake ahamie huko, na kwa muda huohuo Orrin alimjibu neno lilelile: ngoja nipate dubu wangu kwanza, foleni ya miaka kumi na mmoja haiachwi njiani. Nani angebishana na hilo? Lakini sasa dubu alikuwa amepatikana, na kisingizio kimekwisha. Renae hakuwa mjinga. Alipiga simu alfajiri.

"Hongera, Baba. Haya, sasa?"

"Sasa nini?"

"Usinifanye mtoto. Unakuja au huji?"

"Acha kwanza nikaamue huyu mnyama anatengenezwaje."

"Zulia la ngozi yake litaingia kwenye chumba chako. Nimepima. Dubu mzima hataingia hapa, na wewe unalijua hilo vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo ukishaamua, niambie. Nitakuwa nimejua na hilo lingine."

Binti wa Marlys, huyo. Orrin alikata simu akanywa kahawa yake amesimama.

Fundi wa kujaza wanyama aliitwa Joleen Brandvold, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana, na kazi yake aliifanyia kwenye banda la bati nyuma ya nyumba. Ukutani kulikuwa na vichwa vya kulungu na samaki waliopakwa rangi, na mezani droo ya macho ya kioo yaliyopangwa kwa ukubwa kama vifungo vya koti. Alifunua turubai, akapitisha vidole kwenye manyoya ya tumbo, akavuta kidogo, akanusa.

"Bado yameshika. Lakini leo joto litapanda. Tukizubaa hadi jioni utapata dubu mwenye upara, mzee Orrin."

"Basi tusizubae."

"Basi niambie. Zulia, nampasua tumboni, kuanzia kidevuni hadi mkiani. Wa kusimama, nampasua mgongoni, mshono ubaki nyuma asiuone mtu. Nikishatia kisu hakuna kurudi. Tumbo au mgongo?"

"Mgongo," Orrin alisema. "Wa kusimama."

Duane alipiga makofi. Joleen akachukua fomu yake na kalamu.

"Dari yako futi ngapi?"

"Nane."

"Atatosha. Mdomo wazi au umefungwa?"

"Wazi!" Duane alidakia. "Meno yote!"

"Sijakuuliza wewe. Haya, kichwa nikigeuzie wapi, kulia au kushoto?"

"Kwani kuna tofauti?" Orrin aliuliza.

"Tofauti kubwa. Dubu akitazama ukuta amekuwa kabati. Lazima amtazame anayeingia. Kwako watu huingilia wapi, mlango wa mbele au wa jikoni?"

Lilikuwa swali la kazi, na Joleen alishaweka kalamu juu ya karatasi. Orrin aliipitia milango yote miwili kichwani.

Alianza na mlango wa mbele. Ule haukufunguliwa tangu siku ya mazishi, na lile taulo lililosokotwa chini yake kuzuia upepo wa baridi lilikuwa palepale. Akaja wa jikoni. Mtu wa gesi hujaza tangi nje akaondoka. Barua huishia kwenye sanduku kule barabarani. Mchungaji alifika mara moja, mwezi wa tatu, akasimama kwenye mkeka akisema buti zake zina maji, na kweli zilikuwa na maji. Kina mama wa kanisani walileta vyakula wiki ile ya msiba, kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe chini. Orrin aliyaosha yote akayarudisha mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akashukuru akiwa mlangoni kwao. Asiyetaka kusumbua hasumbuliwi. Huko kwao ndivyo watu wanavyoheshimiana, na mtu anaweza kuheshimiwa hivyo hadi akasahaulika.

"Mzee Orrin?"

"Nafikiri."

"Sema jikoni," Duane alisema. "Mimi si napitia jikoni?"

"Wewe hupiti popote, Duane. Wewe unapiga honi uani, mimi natoka."

Duane alitazama buti zake. "Nilikuwa sitaki kukusumbua, bwana."

"Najua."

"Ningejua..."

"Najua, Duane. Mimi mwenyewe sikukukaribisha." Orrin alimgeukia Joleen. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu, kama mtu aliyekutwa hana nguo. "Hakuna anayeingia. Naingia mimi tu."

Joleen hakuandika. Alikuwa ameona wanaume wengi wakilia mbele ya meza ile, wengine kwa ajili ya mbwa, akajua kutotazama.

"Basi nimgeuze akutazame wewe," alisema taratibu. "Huwa unakaa wapi?"

Hapo Orrin akaiona picha yote. Alijiona mezani, supu ya kopo mbele yake, theluji dirishani, na dubu pembeni akimtazama. Msimu huu wa baridi, na ujao, na unaofuata. Akajua, kwa uhakika kabisa, kwamba angeanza kuzungumza naye. Angemsalimia asubuhi. Angemwelezea bei ya dizeli. Angempa jina. Na kilichomtisha zaidi ni kwamba angefurahi, na asingeona tena sababu ya kutaka mtu mwingine yeyote.

"Joleen," alisema, "pasua tumbo."

"Zulia?" Duane aliruka. "Miaka kumi na mmoja, bwana, halafu umkanyage?"

"Pasua tumbo."

Joleen alimtazama. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, mzee. Una hakika?"

"Sina. Ndiyo maana nakwambia pasua sasa hivi."

Joleen alichukua kisu kifupi, akashika kidevu cha dubu, akachoma na kushusha. Ngozi iliachia polepole kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Orrin alisimama akatazama hadi kisu kilipofika mkiani, kwa sababu alitaka kuwa shahidi.

"Miezi kumi na minne," Joleen alisema akifuta kisu. "Usinilaumu, nina foleni."

Foleni! Orrin alisikia moyo wake ukiruka kwa furaha, furaha ya mwizi aliyeona dirisha limesahauliwa wazi. Miezi kumi na minne. Mtu hawezi kuhama na kuliacha zulia lake kwa fundi, nani angebishana na hilo? Maneno yalikuwa yameshajipanga kinywani, yenye adabu, yanayosikika ya kweli.

Alitoka nje juani akampigia Renae. Simu iliita, ikaita, kisha ikaja sauti yake aliyoirekodi, ikimwomba mtu aache ujumbe.

"Ni baba yako," alisema. "Ni zulia. Wameshapasua." Alisita. Ndani ya banda Duane alikuwa akimuuliza Joleen kitu kwa sauti ya chini. "Sasa sikiliza, Renae. Zulia litachukua miezi kumi na minne. Usiku wa leo nitakupigia nikuambie nalisubiri. Nitalisema vizuri sana. Usinikubalie."

Akakata simu. Akabaki ameishika mkononi, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumpigia.