Mazishi ya Kopo la Kahawa

Kopo la kahawa la Merle na Lorna lilifariki Jumanne mchana, katika mji wa kamari wa Reno, likiwa na afya njema: dola zilikuwa zimejaa hadi karibu na mdomo.

Kwa miaka mingi wawili hao walicheza poka kwa mtaji wa kopo hilo. Kila mmoja alichota kidogo tu, ili mkosi wa siku moja usiwaue wote, na mwisho wa mwezi waligawana faida nusu kwa nusu. Lorna aliongeza sharti moja, akalishika kama sala: wasikae meza moja kamwe, watu wasije wakasema wanashirikiana kuwaibia wengine. Marehemu mumewe, Harlan, alicheza katika ukumbi uleule wa poka, na hakumwachia kitu ila jina la uaminifu.

Jumanne hiyo ilifunguliwa meza moja tu. Merle akamsihi, wakakaa.

Saa haijaisha, Merle akapata malkia wanne, mkono ambao ni nadra kushindwa. Wote wakatupa karata na kujitoa isipokuwa Lorna. Zamu ya Merle ilipofika, hakuona maana ya kumnyang'anya mtu hela ya kopo lao wenyewe. Akagonga meza kwa kidole, akapita bila kuweka dau. Lorna naye akapita. Raundi ya mwisho Merle akagonga tena, kwa upole wa mchungaji anayebariki mtoto.

Karata zikafunuliwa. Mzee Cobb, mmoja wa waliojitoa, ambaye huvuta oksijeni kwa mrija, alisahau kuvuta.

"Malkia wanne, bwana, na hukuweka hata senti? Huyu mama unacheza naye, au mnakula sahani moja?"

Msimamizi wa ukumbi, aliposikia habari za kopo, hakupaza sauti. Alisema kumhurumia mmoja mezani ni kuwaibia waliobaki, kwa sababu wao hawahurumiwi. Ubia uvunjwe, au wasionekane tena humo.

Nje, Lorna alilimwaga kopo juu ya boneti ya gari lake. Merle akajitetea kwamba alitaka kumkinga tu.

"Kunikinga na nini, Merle? Hela ingerudi koponi. Sasa mimi ni mwizi, tena ninayetumia jina la Harlan."

Waligawana nusu kwa nusu. Kopo tupu likashushwa ndani ya pipa la taka, na Merle akavua kofia, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake.

Jumatano walikaa tena wakitazamana, kila mtu na mfuko wake. Cobb hakupepesa macho. Merle akapata wafalme watatu, na kwa mara nyingine aliyebaki mbele yake alikuwa Lorna. Safari hii akasukuma rundo lake lote la hela katikati ya meza.

Lorna akalifuata dau, akashindwa, akabaki bila senti. Akainuka, akavaa koti.

"Umeridhika, mzee?"

Cobb alivua miwani. "Nimeridhika, mama. Nisamehe."

Merle alikusanya ushindi wake kwa uso wa mtu aliyefiwa. Lorna alipopita nyuma yake, alimwekea mkono begani, akaondoka.