Neno la Tano

Nadhira alianzisha darasa la Kiingereza kule Uroa kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo lililokuja kumuumiza zaidi. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita, kazi hajapata, na nyumbani kwao Malindi, mjini Unguja, shangazi zake walikuwa hawachoki kumuuliza anangoja nini. Akapewa chumba cha chekechea ya kijiji kila Jumamosi saa nane mchana. Wakaja wanawake kumi na wawili, wote wakulima wa mwani. Walitaka kazi za hoteli, kwa sababu maji ya bahari siku hizi yanapata moto na mwani unaoza kwenye kamba kabla haujavunwa.

Alianza na maneno ya kueleza sifa za watu na vitu. Aliona kwamba mtu akishajua kusema big, small, clean, dirty, hot na cold, keshapata nusu ya mazungumzo ya hotelini: chumba kikubwa, taulo chafu, chai ya moto. Wanawake wakajifunza kwa vicheko, kila mmoja akimsema jirani yake.

"Bashira is beautiful," alisema mmoja.

"Hilo halitaki somo," Bashira akajibu. "Endelea na mengine."

Bi Wanu alikuwa wa mwisho kuingia na wa mwisho kujibu. Alikuwa na umri wa mama yake Nadhira, mwembamba, mkimya, viganja vimepasuka kwa chumvi. Akiulizwa neno hunyamaza kwanza, akaligeuza mdomoni, ndipo alitoe. Baadhi ya Jumamosi alifika saa tisa, pindo la kanga limelowa, akakaa nyuma bila ya kujieleza. Wala Nadhira hakumuuliza. Aliandika tu kwenye daftari lake la mahudhurio: kachelewa.

Siku moja hoteli ya jirani ikaleta fomu za kazi ya dobi. Ukurasa wa pili ulikuwa na maneno ishirini ya Kiingereza, na mwombaji alitakiwa ayazungushie duara matano yanayomweleza yeye mwenyewe. Wengine walijaza huku wanabishana. Bi Wanu akangoja watu watoke, akamwekea Nadhira fomu yake mezani.

"Jaza wewe, mwalimu."

"Bi Wanu, hapa mtu anajisema mwenyewe."

"Nnajua. Ndiyo maana nnakupa wewe. Mtu mzima na akili zangu nikae nijisifu? Hata ikija posa, bibi harusi haulizwi tabia zake. Wanaulizwa majirani." Akatabasamu. "Kwa Kiingereza, jirani yangu ni wewe."

Nadhira alifurahi kuaminiwa. Akazungushia honest, kwa kuwa Bi Wanu ni mkweli. Akazungushia clean, kind na quiet, kwa kuwa ni msafi, mwema na mkimya. Kwa neno la tano kalamu ikasita. Chuoni alifundishwa kwamba maelezo yenye sifa tupu hayaaminiki, na yeye aliuamini ukweli kwa moyo wa mtu ambaye bado haujamgharimu kitu. Akawaza majibu yale yanayochelewa, na saa tisa zile. Akazungushia slow, yaani mzito, mtu wa kujivuta. Neno hilo darasani walikuwa hawajalifikia.

Bi Wanu akatia sahihi chini, herufi moja moja, akashukuru.

Baada ya wiki tatu watatu waliitwa kazini. Bi Wanu fomu yake ilirudishwa, na mtu wa hoteli alikuwa amelipigia neno la tano mistari miwili ya wino mwekundu. Alimletea Nadhira kabla ya somo.

"Shikamoo, Bi Wanu."

"Marahaba, mwanangu. Hili walilolipigia mstari ndiyo nini?"

Nadhira aliitazama ile mistari. Jibu lilikuwa fupi na alikuwa nalo. Lakini Bi Wanu alikuwa ameinama karibu yake, kalamu mkononi, tayari kuandika chochote atakachoambiwa.

"Hilo ni mtu makini," Nadhira akasema. "Mtaratibu. Asiyekurupuka."

"Basi si wamelipenda. Mbona hawakunichukua?"

"Labda nafasi zilijaa."

"Labda," akasema Bi Wanu, na akaandika daftarini: slow, mtu makini.

Wiki ile nzima Nadhira hakuwa na raha. Akisimama kusali, neno lile linamjia. Mama yake alimuuliza kama ana homa. Alijiambia kwamba amemsitiri mtu, na sitara ni jambo jema. Kisha akajijibu kwamba aliyesitiriwa pale si Bi Wanu.

Jumamosi iliyofuata alikuta chumba kitupu. Saa nane na robo Bashira akachungulia dirishani, suruali imekunjwa magotini.

"Mwalimu, leo hakuna mtu. Maji yamekupwa mpaka kule, watu wote wapo kwenye mwani. Hukuambiwa?"

"Somo ni saa nane."

"Saa nane yako hiyo. Bahari haina saa yako." Bashira akacheka, bila ya ubaya. "Siku nyengine maji yakikupwa huwa tunatoroka mapema kwa ajili yako, tunaacha kamba nusu. Bi Wanu ndiye haachi. Anafunga zake, halafu anamfungia Bi Radhiya, mwenye mstari wa pembeni yake, tangu avunjike mguu. Ndiyo maana akawa anakuja wa mwisho."

Nadhira akavua viatu, akamfuata.

Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, kisha ya goti. Wanawake walikuwa wameinama mistari mistari, vigingi vya kamba vimechomoza juu ya maji. Bi Wanu alikuwa mwisho kabisa, peke yake kwenye mistari miwili. Nadhira alisimama akaitazama mikono yake. Inachukua tawi, inapitisha kikamba, inafunga, inakwenda kwa jengine, na lile la kwanza bado linatikisika. Ulfat, msichana wa miaka ishirini aliyekuwa mstari wa jirani, alikuwa ameshaachwa nyuma kamba nzima.

"Mwalimu kaja kuoga," akasema Ulfat.

"Kaja kututazama," akasema Bi Wanu, akanyoosha mgongo. Uso ulikuwa umemkunjuka. "Afadhali umekuja. Jumatatu nnaitwa hoteli ya pili, kule juu. Wanauliza kwa mdomo, lazima mtu ajiseme. Lakini safari hii sioni haya, nshapata neno langu. I am slow."

Alilisema vizuri, bila ya kusita. Lazima alikuwa amelirudia mara nyingi.

"Hili naweza kulisema," akaendelea. "Si la kujitapa. La mtu mwenye staha zake. Na hawa nshawafundisha."

"I am slow," akasema Ulfat, akapiga goti la utani ndani ya maji. Wanawake wawili nyuma yake wakaitikia.

Nadhira akamsogelea. "Bi Wanu, labda utumie jengine. Yapo mazuri zaidi."

"Kwa nini? Si ulinichagulia wewe?"

Angeweza kusema limepitwa na wakati. Angeweza kusema hoteli ya pili haipendi neno hilo. Maneno hayo yalikuja, na alijua kwamba yakitoka Bi Wanu atayaandika pia.

"Maana niliyokupa si yake," akasema. "Slow ni mtu mzito. Mvivu wa mwendo. Nilikuandikia hivyo kwenye fomu, na nilikuwa najua. Hawakukuchukua kwa sababu yangu. Ulipokuja kuniuliza nikakudanganya."

Mikono ya Bi Wanu ikasimama. Tawi la mwani lilibaki kwenye vidole vyake, maji yakichuruzika.

"Sema tena," akasema. "Ulfat hakusikia."

Nadhira akasema tena, kwa sauti, kila neno. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akaguna, akarudi kwenye kamba yake.

"Mzito," akasema Bi Wanu polepole. "Mimi."

"Nilikuona umekaa kwenye dawati tu. Sikuwahi kukuona huku."

"Na hukuuliza."

"Sikuuliza. Nisamehe, Bi Wanu."

Bi Wanu alilifunga lile tawi. Akafunga la pili na la tatu. Nadhira akatazama chini, kwenye maji yaliyovurugika.

"Nshakusamehe," Bi Wanu akasema mwisho. "Kwa Mungu yamekwisha. Kwangu bado kidogo." Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Jumatatu ipo palepale. Nnataka maneno matatu. La mtu anayefanya kazi sana, la mwepesi, na la anayefika akisema anafika."

"Mwenyewe utayasema?"

"Jirani nshamjaribu."

Nadhira akaanza na la kwanza. "Hardworking," akasema. "Huyo ni mchapakazi."

Bi Wanu hakulirudia neno. Aligeuka, akamwita Bashira, ambaye simu yake ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imening'inia shingoni.

"Hebu nitazamie hilo neno simuni," akasema, "kama ni kweli."

Bashira alimtazama Nadhira, akatazama pembeni kwa haya, akaanza kuufungua mfuko. Nadhira alisimama palepale na maji magotini, akasubiri simu iseme.